Nimefikiria tovuti ya bei za vifaa vya ujenzi Kisumu. Niache kazi niifuate, au niache wazo?

MwanaKondele:

Habari za jioni wanajukwaa. Nimekuwa nikisoma humu muda mrefu bila kuandika neno. Leo naomba mnivumilie, maana jambo hili limenikalia rohoni tangu Januari na sina mtu wa karibu wa kunipimia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Kondele, Kisumu. Huu ni mwaka wa sita nikifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Nilianza kwa kuandika risiti, sasa mimi ndiye ninayepokea mzigo na kuutoa: saruji, mabati, vyuma, misumari, rangi. Madereva wa malori wananipigia mimi. Mshahara wangu ni shilingi 26,000 kwa mwezi.

Kila siku naona mtu anaingia, anauliza bei ya mabati geji 30 (geji ni kipimo cha unene wa bati), anaiandika kwenye kiganja kwa kalamu, anaondoka. Baada ya saa moja na nusu anarudi jasho likimtiririka, amezunguka maduka matano au sita, na alichookoa ni shilingi 20 kwa kila bati. Wengine wametoka Ahero, wengine Kombewa, wamelipa nauli kuja kuuliza bei tu. Nikajiambia, mbona bei zote zisikae mahali pamoja, mtu aziangalie kwenye simu akiwa kwake?

Basi wazo ndilo hilo, tovuti ya bei. Duka linajiandikisha na kuweka bei zake, mwenye kujenga anaangalia bure, na duka linalipa shilingi 1,500 kila mwezi. Nimehesabu kwamba maduka 40 tu yatanipa shilingi 60,000, zaidi ya mara mbili ya mshahara wangu.

Nina akiba ya shilingi 212,000. Humo 140,000 ziko kwenye Sacco, nyingine ni za chama, zamu yangu ilifika Aprili. Kijana mmoja anayetengeneza tovuti ameniambia kazi yote ni 185,000, anataka nusu kabla ya kuanza. Nimewauliza watu 23 wanaonifahamu na wote wamesema wazo ni zuri. Mama yangu peke yake ndiye anayesema nisithubutu kuacha kazi. Mdogo wangu, aliye chuo Maseno, anaona nikichelewa mtu ataniibia wazo.

Mtu anajuaje kwamba wazo la biashara ya mtandaoni linastahili akiba yake? Sitaki kutiwa moyo tu. Nataka kuambiwa ukweli na watu wasionijua.

Fundi_Luanda:

Mulembe dada. Mimi ni fundi wa mawe na matofali, mwaka wa 17 sasa, najenga kuanzia Luanda hadi Chavakali na Mbale. Umeomba ukweli, na huu wangu hautakupendeza.

Mwenye nyumba haendi dukani peke yake. Anakwenda na mimi, ama ananiuliza kwanza, "fundi, tununue wapi?" Nami nina duka langu. Duka hilo hunikopesha misumari kazi ikikwama na hunipa chai, yaani pesa kidogo ya shukrani, nikileta mteja wa mabati 60. Wewe umekaa kaunta miaka sita, chai ya fundi unaijua. Bei ya tovuti ikionyesha kwamba duka jirani liko chini kwa shilingi 20, mimi nitamwambia mteja mabati ya huko ni mepesi. Sijivunii hilo, ila ndivyo mambo yalivyo kwenye mjengo.

Halafu bei yenyewe haikai. Mteja wa mifuko 10 ya saruji na mteja wa mifuko 200 hawauziwi bei moja. Anayelipa leo na anayelipa nusu hawauziwi bei moja. Mwenye duka hatakubali kuandika bei yake ya mwisho mahali ambapo mshindani wake ataisoma asubuhi akinywa chai. Ataandika bei ya juu, mteja apige simu wapatane, na mkifika hapo tovuti haijamsaidia mtu.

La mwisho, wengi wetu huku tunajenga nyumba moja maishani. Mteja wako akimaliza kupaua, lini atarudi kwenye tovuti yako?

BabaNjoro:

Binti yangu, nimesoma maneno yako mara mbili. Nakuandikia kwa sababu mimi nilishapoteza akiba yangu kwa wazo ambalo kila mtu aliliita zuri.

Nilikuwa mwalimu, nikastaafu mapema. Mwaka 2019 nikaanza biashara ya kuuza mboga na viazi kwa simu hapa Nakuru. Viazi natoa Molo, kabeji na karoti natoa karibu na kwangu Njoro, mteja wa Milimani au Section 58 anaagiza usiku, asubuhi anapata mlangoni. Nililipa mtu akanitengenezea programu ya simu ya kuvutia sana. Wateja walikuja. Hapo ndipo mtu anapojidanganya, kwa sababu wateja walikuja kweli na walifurahi.

Oda ya kawaida ilikuwa ya shilingi 650. Nikitoa bei ya kununulia, nabaki na 110. Boda boda wa kupeleka alitaka 120. Kila oda ilinitoa shilingi 10 mfukoni, na hapo sijahesabu nyanya zilizooza, na mteja asiyeshika simu wakati boda amesimama getini. Nilidhani nikipata wateja wengi zaidi hesabu itajirekebisha. Haikujirekebisha. Ukipoteza shilingi 10 kwa kila oda, oda 1,000 ni kupoteza 10,000. Nilikaa hivyo miezi 14, zikaenda shilingi 340,000 za kiinua mgongo.

Na si sisi wadogo tu. Pale Nairobi, kampuni ya Kune walikuwa wanauza chakula cha mchana kilichopikwa tayari kwa bei ya chini, na walikuwa wamepata mtaji wa dola milioni 1. Walifunga Juni 2022. Copia, waliokuwa wakipeleka bidhaa mashambani kupitia mawakala wenye maduka madogo, walikuwa wakubwa kuliko hao mara nyingi, na Mei 2024 wakawekwa chini ya wasimamizi wa kampuni zilizolemewa na madeni. Wote walikuwa na wateja, lakini kumfikishia mtu kitu mlangoni ni gharama, na mtaji ukiisha gharama inabaki.

Sasa tupige hesabu yako. Umesema maduka 40 mara 1,500. Ni sahihi kwa kalamu. Lakini simama upande wa mwenye duka. Kwenye mfuko wa saruji anapata faida gani? Wewe unajua kuliko mimi, tuseme shilingi 25. Ili akulipe 1,500 bila kupata hasara, ni lazima umletee mtu wa kununua mifuko 60 kila mwezi, mtu ambaye bila wewe asingekuja. Mara maduka 40. Je, unaweza? Na ukishindwa mwezi wa kwanza, mwezi wa pili atalipa?

Kuhusu wale watu 23: je, kuna hata mmoja aliyetoa pesa? Nilipoanza niliwauliza watu zaidi ya 50 kama wangependa mboga mlangoni. Nani atasema hapendi? Swali hilo halina gharama kwa anayejibu. Swali lenye gharama ni hili: "Nitakuletea Jumamosi, nipe 200 sasa." Hapo watu hunyamaza, na ukimya wao ungenisaidia kuliko sifa zote nilizopewa.

Nikukumbushe kitu kimoja tunachokitumia kila siku. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005 haikukusudiwa kuwa hivi ilivyo. Ilikusudiwa kuwasaidia watu wenye mikopo midogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Wale waliopewa kujaribu wakaanza kuitumia kwa mambo yao, wakatumiana pesa, wakatuma nyumbani. Wenye kampuni waliliona hilo, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilizinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Ile ya mikopo ikawekwa kando. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu nifunge biashara yangu, kwa sababu hata mimi kulikuwa na wateja watatu wenye hoteli ndogo waliokuwa wakiniomba viazi magunia mawili mawili kila wiki, na mimi nikawaona kero kwa sababu programu yangu haikuwa na sehemu ya magunia. Wale ndio waliokuwa biashara. Sikuwaona.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja tu, ulijibu kwa makini. Katika miaka hii sita, kuna mtu yeyote aliyewahi kukuomba msaada nje ya kazi yako ya duka na akakulipa bila wewe kumdai?

MwanaKondele:

Mzee wangu, asante. Fundi, asante pia, ulichosema kuhusu chai ni kweli na nilikuwa nimekipita makusudi kwa sababu nilitaka hesabu yangu itimie.

Swali lako, Baba Njoro, lilinifanya nitoke nje nikae kwenye ngazi kwa muda. Ndiyo, wapo.

Mwaka jana bwana mmoja wa Nairobi anayejenga kwao Siaya alipata nambari yangu kwenye risiti. Alinipigia usiku akasema, "Dada, ndugu yangu amenunua mifuko 40 ya saruji kwenu jana?" Nikaangalia daftari. Ilikuwa mifuko 22. Alinyamaza kwanza, kisha akanishukuru, na baadaye nikaona 500 kwenye simu. Tangu siku hiyo kila akituma pesa ananipigia. Wa pili ni mwalimu anayefundisha Garissa na nyumba yake iko Nyakach. Mama mwingine yuko Uingereza, yeye hata aliniomba niende nikaone mabati kama ni geji 28 alizolipia. Nilikwenda siku yangu ya kupumzika. Yalikuwa geji 30. Ukishika bati la geji 30 na la 28 kila siku huwezi kuchanganya, 30 ni jembamba zaidi, linakunjika kirahisi pembeni. Alinitumia 2,000 nami nikaona aibu kuzipokea.

Nikiwahesabu wote ni saba kwa mwaka mmoja, na hakuna niliyemtafuta.

Lakini hiyo ni biashara? Hakuna tovuti hapo. Ni mimi na simu na boda.

Jasiri_Doha:

Dadangu MwanaKondele, ngoja nikujibu hilo swali la mwisho, maana mimi ndiye huyo mteja wako.

Niko Qatar mwaka wa tano, natunza watoto wa watu. Kwetu ni karibu na Ugunja. Nilianza nyumba ya vyumba viwili 2021. Nimetuma shilingi 380,000 hadi leo, na nyumba imefika kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha. Kila nikiuliza natumiwa picha. Nilitumiwa picha ya mifuko mitupu ya saruji imepangwa vizuri, mifuko 50, nikahesabu mmoja mmoja kwenye simu. Niliporudi likizo mwaka juzi nikajua mifuko ile iliazimwa kwenye mjengo wa jirani, ikapigwa picha, ikarudishwa. Aliyefanya hivyo ni mtu wa damu yangu. Sitamtaja hapa wala popote, watoto wake ni watoto wangu. Lakini ukuta aliojenga kwa saruji kidogo unachubuka ukiupitishia kidole.

Kwetu nyumba si kitu cha anasa. Mwanamume akifa hana nyumba kwake, watu wanakimbizana kuisimamisha nyumba kabla ya mazishi, na aibu inabaki kwa familia. Ninayemjengea ni baba yangu, ana miaka 74. Ndiyo maana siwezi kuacha kutuma hata nikijua ninaibiwa.

Sihitaji bei za maduka. Shilingi 20 kwa bati hainiumizi. Kinachoniumiza ni mabati 15 ambayo hayapo. Ningempata mtu asiye wa ukoo, anayejua vifaa, akanunua au akashuhudia ununuzi, akafika nyumbani mzigo unaposhuka, akanipigia simu ya video nikaona mwenyewe, ningemlipa 2,000 kila safari bila kufikiri mara mbili. Hapa tunapolala tuko wanawake tisa kutoka Kenya. Sita wanajenga.

Fundi_Luanda:

Hili alilosema Jasiri ni kweli na linatuumiza mafundi pia. Tunaambiwa tuchanganye 1:2:4 kwenye slabu, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, tukifika saruji ni nusu ya ile iliyolipiwa, na tunalazimishwa kuinyoosha. Ukuta ukipasuka anayelaumiwa ni fundi. Mimi mwenye nyumba akiwa na mtu wake anayekuja kuhesabu mifuko, nafurahi. Dada, kwa wazo hili sisi si maadui zako.

Ila jihadhari. Unapokwenda kuhesabu saruji ya mtu unaingia kati ya ndugu. Usiende jioni, na usiende bila wenyeji kuambiwa na mwenye pesa kwamba unakuja.

Msanidi_Kakamega:

Mimi ndiye kazi yangu kutengeneza hizo tovuti, kwa hiyo nasema dhidi ya mkate wangu: usimlipe huyo kijana 185,000. Bado.

Kwa watu saba au 20, unahitaji WhatsApp ya biashara kwenye laini tofauti na yako, fomu ya bure mtandaoni ya kujaza oda na kilichopatikana, na daftari. Picha zisikutoshe, picha huweza kuwa ya jana au ya kwingine, kama alivyosema Jasiri. Simu ya video wakati mzigo unashuka ni bora kuliko programu yoyote nitakayokutengenezea. Siku utakapoona unaandika jambo lile lile mara 40 kwa wiki na mkono unachoka, hapo utajua ni kitu gani hasa kinafaa kutengenezwa, na pengine kitagharimu 30,000.

Mambo mawili ya sheria. Usipokee pesa za vifaa kwenye simu yako, hata wakikubembeleza. Mteja alipe moja kwa moja kwenye Lipa na M-Pesa ya duka, wewe ulipwe ada yako tu. Kuhifadhi pesa za watu ni jambo jingine kabisa, lina leseni zake Benki Kuu, na siku moja ikipotea 100,000 huna pa kujificha. La pili, utakuwa na majina, nambari na picha za nyumba za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Biashara ndogo yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida haidaiwi kujisajili kwa kamishna wa ulinzi wa data, lakini hilo halikupi ruhusa ya kuweka picha ya boma la mtu Facebook kujitangaza. Omba idhini kwanza.

BabaNjoro:

Binti yangu, umeuliza kama hiyo ni biashara kwa sababu haina tovuti. Ndivyo nilivyofikiri nami kuhusu wale wenye hoteli.

Fanya hivi. Usiache kazi. Chukua wiki sita au saba, Jumamosi mchana na Jumapili. Andikia wale saba, na wenzake Jasiri akikubali kukuunganisha. Wape bei, na pesa itangulie kabla hujapanda boda. Andika kila shilingi inayoingia na inayotoka, na saa unazotumia, hata za kusubiri lori. Halafu rudi hapa na hesabu.

Na zungumza na mwajiri wako kabla ya yote. Ulipoangalia daftari la duka usiku kumjibu mtu wa nje, ulifanya wema, lakini daftari si lako. Ajue kutoka kwako.

MwanaKondele:

Nimerudi. Ni wiki saba na siku mbili, nimeandika kila kitu kama nilivyoambiwa.

Kwanza mwajiri. Nilimwambia yote, hata ile simu ya usiku. Alikasirika kwa siku mbili, hakusema nami ila mambo ya kazi. Siku ya tatu aliniita akasema nifanye, mradi nisimpeleke mteja kwenye duka fulani analoshindana nalo, na nisiguse daftari. Nilikubali la daftari. La kwanza nilimwambia siwezi, kwa sababu mteja akijua napendelea duka, sina tena cha kumuuzia. Hapo bado hatujaafikiana, lakini sijafukuzwa.

Niliwafikia watu 11, saba wangu na wanne wa Doha. Jasiri, erokamano, asante sana. Wote 11 walisema wanataka. Nilipowaambia watume ada kwanza, waliotuma ni watano. Kama ningeishia kwenye swali la kwanza ningeandika hapa kwamba nina wateja 11.

Ada ni 1,500 nikienda karibu, yaani Ahero, Maseno na sehemu hizo, na 2,500 nikienda mbali. Nimekwenda safari tisa, sita za karibu na tatu za mbali, jumla shilingi 16,500. Nauli za karibu zilikuwa kama 350 kila safari, za mbali 800, zote pamoja 4,500. Bando na salio 900. Nimebaki na 11,100, kama 1,230 kwa kila safari. Ili nifikie mshahara wangu natakiwa safari 21 na zaidi kidogo kwa mwezi, na safari ya mbali inakula siku nzima. Peke yangu, nikiwa nimeacha kazi, naweza, lakini hakuna nafasi ya kuugua wala ya mvua. Machi hadi Mei barabara za kule ndani hazipitiki kwa lori, na Januari pesa zote za watu ni karo. Desemba ndiyo itakuwa na kazi kupita kiasi.

Yaliyonishangaza ni haya. Nilidhani watataka kujua kama wameibiwa. Wawili kati ya watano walikuwa wanajua tayari. Walichotaka ni kitu kingine: niwepo kabla. Yule mwalimu wa Garissa aliniambia, "Usiniambie kilichopotea, siwezi kumshtaki shemeji yangu. Nunua nawe, mzigo ushuke ukiwepo, pasiwe na cha kupotea." Kwa hiyo sasa sikagui, nasindikiza mzigo. Kazi ni ile ile lakini nyumbani wananipokea tofauti kabisa. Nikija kukagua nilikuwa naonekana polisi. Nikija na lori naletewa kiti na uji.

Haikuwa hivyo kila mahali. Boma moja, sitasema upande gani, kaka wa mwenye pesa alisimama mlangoni akaniambia nirudi nilikotoka. Niliondoka. Nilirudisha ada yote ingawa mteja alikataa kuipokea mara ya kwanza, na ile nauli ya 800 ilikuwa yangu. Safari hiyo haimo kwenye zile tisa za juu; nikitoa 800 hiyo nabaki na 10,300. Fundi, ulinionya, na sasa sifiki mahali kabla mwenye pesa hajapiga simu nyumbani mbele yangu, nikisikia.

Wateja watatu kati ya watano wametuma tena bila mimi kuwakumbusha. Mmoja ameniletea binamu yake aliye Mombasa, anayejenga Bondo.

Akiba yangu iko pale pale, 212,000. Yule kijana wa tovuti nilimwambia asubiri, akaudhika kidogo. Sijaacha kazi. Nimejiwekea kwamba nikifika safari 14 kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, moja ya miezi hiyo iwe ya mvua, nitamwomba mwajiri nifanye nusu siku. Mama amesema hilo anaweza kuishi nalo.

Ninalokwama nalo sasa ni Vihiga. Nina maombi mawili ya Chavakali na moja ya Majengo, na Jumapili zangu zimejaa. Natafuta mwanamke anayeishi upande huo, aliyewahi kufanya kazi kaunta ya vifaa, anayeweza kutofautisha geji kwa mkono. Nitampa 900 kati ya 1,500 na nauli juu yangu, kwa hiyo mimi nitabaki na kama 250. Ni kidogo, najua, lakini nataka kwanza nione kama mteja atamwamini mtu ambaye si mimi, kwa sababu asipomwamini basi hii ni kazi yangu ya Jumapili na haitakua kuzidi hapo. Fundi, unamjua yeyote? Jumamosi hii naondoka na lori la Bondo saa moja asubuhi, nikirudi nitasoma majibu.

Fundi_Luanda:

Yupo mmoja hapa Luanda, aliuza vifaa miaka minne hadi duka lilipofungwa. Ana watoto wawili na anafahamika hapa kwa uaminifu. Nitamuuliza kesho sokoni kabla sijatoa nambari yake. Na hiyo 900, dada, mpe 1,000 safari ya kwanza.